Magauni Matatu, Kinanda Kimoja

Wanangu wapiga vinanda, kiangazi hiki mmenikalisha mstari wa mbele kwenye tamasha letu la kwaya pale Biharamulo, kwenye kiti chenye mto, na maji ya chupa mkononi. Asanteni. Baadaye mlinizunguka na shikamoo zenu, mkataka kujua kwa nini nilikuwa nacheka peke yangu wakati yule kijana mrefu anapiga. Alipigia kwaya nne mfululizo na fulana ileile nyeusi, hata kitini hakuinuka. Wanakwaya ndio walioingia na kutoka. Nilicheka kwa sababu enzi zangu mpigaji aliyeazimwa alivaa sare ya kila kwaya iliyomwazima, na mimi siku moja nilivaa tatu kwa pamoja, na jua la Julai linawaka.

Siku hizi nimestaafu. Vidole vya mkono wa kushoto vinakataa amri asubuhi mpaka nivipashe kwa kikombe cha chai. Maisha yangu yote nimepiga kinanda na kufundisha watu kupiga, Ngara na Biharamulo, makanisani, kwenye harusi, kwenye mahafali, na mara moja kwenye uzinduzi wa josho la ng'ombe. Ng'ombe walisikiliza kuliko wageni waalikwa. Kwa hiyo msidhani nawaletea hadithi ya kulalia. Mna ya kuchukua humu, hasa nyinyi mnaopenda vitufe.

Nilikuwa msichana wa Mabawe, kule Ngara, nimemaliza shule karibuni, mwembamba, mbishi. Wazazi wangu walitoka Burundi kabla sijazaliwa, wakapata shamba, wakalima maharage na migomba, na nyumbani tulisema Kirundi. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha sokoni. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda kimoja cha betri, mali ya paroko mwenyewe, alichopewa na ndugu zake. Aliyenifundisha ni Katekista Sipriani, mzee ambaye yeye alijifunzia kinanda cha kukanyaga, kile unachokitia hewa kwa miguu. Hata alipokaa kwenye cha betri, miguu yake iliendelea kukanyaga sakafu. Ukimuuliza anakwambia, "Miguu bado haijapewa taarifa."

Mafundisho yake yalikuwa ya mifano ya kitanda. "Mkono wa kushoto ni miguu ya kitanda," alikuwa akisema. "Wa kulia ni shuka. Watu watasifia shuka. Lakini mguu ukivunjika, Beata, nyote mko chini." Nikipiga shuka nyingi bila miguu, ananigonga bega kwa kitabu cha nyimbo, polepole, na tunaanza upya.

Na kitufe. Mnakijua, kile cha kupandisha na kushusha do, sauti ya msingi ya wimbo. Unapiga nota nyeupe zilezile ulizofundishwa siku ya kwanza, unabonyeza, na kinanda kinajihamisha chenyewe. Mzee Sipriani alikichukia. Alikibandika plasta ya kidonda, akasema do inahamishwa kwa vidole. Nililia sana na zile nota nyeusi. Wapigaji wenzangu wa parokia nyingine walikuwa wanabonyeza na kwenda zao kucheza mpira, mimi bado natafuta njia.

Nilikuja kumwelewa siku mpigaji mmoja alipoinuka na kuacha kitufe kimepandishwa. Kwaya iliyofuata haikujua. Ilipofika kiitikio, wanaume shingo zilisimama mishipa, na akina mama wa sauti ya kwanza walifika mahali ambapo mbwa peke yao ndio wanasikia. Tafadhalini, ukimaliza kupiga kinanda cha watu, rudisha kitufe sifuri kabla hujainuka. Ni adabu tu, kama kufunga mlango wa choo.

Basi mwaka ule paroko akapata uhamisho. Angeondoka baada ya tamasha, na kinanda chake kingeondoka naye, na hiyo ilikuwa haki yake. Habari ilinikuta nikichambua maharage na mama, mikono ikasimama yenyewe. Kanisani hapakuwa na uwezo wa kununua kingine, na nyumbani ndiyo kabisa. Ningebaki najua kazi ambayo sina pa kuifanyia. Nililia waziwazi, na mama akaniacha nilie, akachambua peke yake.

Lakini tamasha la mwaka ule lilikuwa na zawadi. Mfadhili mmoja alitoa kinanda kipya, ndani ya boksi lake, kwa kwaya itakayoshika nafasi ya kwanza. Mabawe nzima ikaanza kuimba kwa ajili ya boksi lile, na mimi kuliko wote. Tulifanya mazoezi mpaka watu wakawa wanapalilia kwa mwendo wa wimbo.

Tulifika Biharamulo siku chache kabla, tukalazwa madarasani, madawati nje, majamvi chini. Kila darasa kwaya yake, kila kwaya chungu chake cha uji. Hatujamaliza hata kufungua mizigo, wakaja viongozi wa kwaya ya Nyamahanga kumwona Mzee Bonifasi, mwenyekiti wetu. Mpigaji wao ameitwa kazini, walisema, wanaomba kumwazima binti, yaani mimi. Mzee Bonifasi akakubali. Hawajatoka mlangoni, akaingia Mama Leokadia wa Kaniha.

Mama Leokadia alikuwa mwanzishaji wa nyimbo wa kwaya ya akina mama wa Kaniha, mnene, mcheshi, sauti yake ilitangulia mwili mlangoni, na l yake mara nyingine ilitoka r. "Hodi humu. Sisi kwetu tunaimba na ngoma na kayamba," alisema. "Kinanda hatujawahi. Sasa tunaambiwa majaji wanataka kinanda. Nasi tunamtaka huyu binti, kweri kabisa."

Sasa kuazimana mpigaji ilikuwa desturi yetu, na huwezi kukataa, kama usivyoweza kumkatalia jirani moto wa kuwashia jiko. Mzee Bonifasi akasema, "Mchukueni." Kisha akaniita pembeni, nyuma ya madawati.

"Beata. Huko kwa wenzetu uwapigie. Lakini usijitume sana."

"Nipige vibaya, mzee?"

"Sijasema vibaya. Nimesema usijitume sana. Boksi ni moja."

Nikaitikia "Sawa, mzee," maana ndivyo tulivyolelewa kuitikia. Moyoni sikujua kama nimekubali au la. Yeye aliwaza kwaya, mimi niliwaza vidole vyangu, na wote wawili tuliwaza boksi.

Kuanzia hapo sikukaa. Alfajiri nilikuwa na Kaniha, baada ya uji nipo na Nyamahanga nyuma ya kanisa, jioni nipo na Mabawe. Kinanda cha paroko nilikibeba kichwani, kimefungwa blanketi kuzuia vumbi jekundu, kwa sababu vumbi likiingia chini ya nota moja, hiyo nota itakusaliti siku ya siku. Kinanda kikiwa kinatumiwa na wengine, nilijichorea nota kwa chaki juu ya dawati na kupiga hapohapo, kimya. Mlinzi wa shule alinitazama siku nzima, mwishowe akauliza kama kuna mtu wa kwetu amwite. Nilikuwa na furaha ambayo hata kuieleza ni kazi. Nilikula nikiwa natembea, nilisinzia nikiwa nimekaa kwenye gunia la viazi, na kila nilikopita mtu ananiita kwa jina.

Kaniha ndio walionitoa jasho. Mama Leokadia alianza wimbo popote koo lake lilipoamkia. Leo juu, kesho chini, keshokutwa katikati. Tulikubaliana do yetu, nikaipiga, akaisikiliza kwa heshima zote, kisha akaanza kwingine. "Mama, umeacha kinanda," namwambia. Anacheka mpaka kilemba kinalegea. "Siyo mimi, mwanangu, ni koo."

Kwa hiyo nikajifunza kumtafuta, na hili liandikeni. Mwimbaji wa namna hiyo usimtazame mdomo, mtazame mabega. Yakipanda anaanza. Neno la kwanza mwachie peke yake. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto, taratibu kabisa, kinagusa pale unapodhani yupo. Ukikosea sogea nota moja, hakuna atakayesikia. Ukimpata, ndipo unaleta mkono mzima, na wa kulia mwisho. Mpigaji anayeingia na mikono yote kwa kishindo ni sawa na mgeni anayeingia na viatu kitandani.

Sasa njooni kwenye nguo. Kwaya ilikatwa alama ikiwa na mtu asiye na sare, hata mpigaji. Sare zote za tamasha lile zilipita kwa Bi. Zuhura, fundi cherehani wa pale mjini, ambaye babu zake walikuja Biharamulo na biashara kutoka pwani. Cherehani yake ilikuwa barazani, ikitazama uwanja wa tamasha. Hakuwa wa kanisa letu, lakini nyimbo zote alizijua, na kila kwaya aliipangia nafasi yake kabla ya majaji. Nilimpelekea hesabu yangu: ratiba inasema Kaniha watangulie, wafuate Nyamahanga, Mabawe wafunge. Muda wa kubadilisha haupo. Basi nivae gauni la Mabawe ndani, la Nyamahanga juu yake, la Kaniha juu ya yote, niwe nayavua moja moja.

Bi. Zuhura akaacha kukanyaga cherehani. "Mwanangu, wewe ni mtu au ni kabati?"

"Ni siku moja tu, bibi."

"Na ratiba ikibadilika?"

"Haibadiliki. Imebandikwa ukutani."

Akanitazama kwa huruma, akapanua mawili ya juu yaingie. Siku ya tamasha nilikuwa nimevimba kama gunia la pamba, siwezi kushusha mikono ubavuni. Watoto walinifuata wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Nikaketi kwenye kinanda, tayari, namba moja. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Tunaanza na ndugu zetu wa Mabawe, wametoka mbali, tuwape nafasi mapema."

Sare ya Mabawe, iliyokuwa chini ya zote.

Bi. Zuhura alikwishaondoka barazani kabla sijapiga kelele. Alitanua kanga upande mmoja, mama yangu, naye mwanakwaya wetu, akashika upande wa pili, wakanizungushia pale nyuma ya jukwaa, nami nikavua na kuvua. "Kabati linafunguliwa!" akawa anatangazia watu. Nilitoka na gauni la kijani la Mabawe limekunjamana kama jani la kabichi, nikakaa, nikapiga. Na Mabawe tuliimba, jamani. Mama alikuwa sauti ya pili, Mzee Bonifasi besi, na wimbo ulikwenda mwanzo mpaka mwisho bila kujikwaa. Tulipomaliza watu walisimama. Nilisikia mtu anasema boksi limeshapata mwenyewe, na nikamwamini.

Nyamahanga wakaitwa. Nikaingia tena ndani ya kanga, nikatoka mbio, nikakaa, na kicheko kikaanza safu za mbele kikaenda mpaka nyuma. Nilivaa gauni mgongo mbele, zipu inapanda kutoka tumboni hadi kidevuni. Hapakuwa na muda. Nilipiga hivyohivyo, kidevu juu. Wanakwaya wa Nyamahanga walicheka kiasi kwamba ubeti wa tatu waliusahau wote kwa pamoja, lakini walivyochangamka, uwanja mzima ulicheza nao. Mpaka leo nikipita Nyamahanga wapo wanaonisalimu kwa kujishika kidevu.

Wakabaki Kaniha peke yao. Nikavaa la tatu juu ya mawili, kwa haraka ile hakuna aliyefikiria kunivua. Jasho lilinidondoka juu ya nota. Mezani pa majaji boksi lilikuwa limewekwa mahali pa kuonekana. Mzee Bonifasi amesimama kwenye kona ya jukwaa, mikono nyuma.

Nikapiga do tuliyokubaliana, wazi, mara mbili. Mama Leokadia alikuwa amevuta vumbi la safari siku zote zile na asubuhi ile koo lilikuwa limeshuka. Mabega yakapanda. Akaanza chini, chini sana, mbali kabisa na nilipokuwa nimeweka mikono.

Nikaitoa mikono. Hapo, wanangu, ndipo kazi ilipokuwa. Ningerudia do yangu kwa nguvu, yeye angeyumba, kwaya ingeyumba nyuma yake, na hakuna jaji ambaye angenilaumu. Wangeandika kwamba mama amepotea sauti. Mzee Bonifasi asingehitaji hata kusema kitu. Na mimi ningerudi Mabawe na boksi, na asubuhi zangu zote zilizobaki zingekuwa na kinanda ndani yake. Niliyaona yote hayo katika mstari mmoja wa wimbo, Mama Leokadia akiwa anaimba peke yake.

Msinisifu, maana kilichoamua hakikuwa wema. Ilikuwa ile sauti. Kule chini alikokwenda ilikuwa nzuri kuliko siku zote za mazoezi, nzito, yenye mikwaruzo, na nilitaka kuwemo. Kidole cha kushoto kilikuwa kimeshaanza kumtafuta kabla sijakiambia. Alikuwa ameangukia katikati ya nota nyeusi, zilezile za kulilia. Nikagusa, nikasogea, nikampata. Nikaleta mkono mzima. Akageuza kichwa kidogo, akatabasamu, akaachia sauti yote. Akina mama wakaingia, kayamba zikaingia, ngoma ikaingia, na mimi nikaleta mkono wa kulia juu yao na tukaenda.

Sijawahi kupiga vile tena. Nimepiga kwa usahihi zaidi, kwa vinanda bora zaidi, lakini vile hapana. Majaji waliweka kalamu chini. Bi. Zuhura alikuwa anacheza barazani na futi ya kupimia shingoni. Nikiwa kwenye ubeti wa pili nilijua kabisa kwamba Kaniha wameshinda, na kwamba kinanda changu ninakitoa kwa mikono yangu mwenyewe, na bado sikutaka wimbo uishe. Nilikuwa nalia na kucheka ndani ya magauni matatu.

Walishinda. Akina mama walilibeba boksi vichwani, wakalizungusha uwanja mzima kwa vigelegele. Wa Mabawe tulishika nafasi ya pili, tukapiga makofi, makofi ya watu waliochoka. Mzee Bonifasi alinijia. Nilitazama chini. "Nilikwambia usijitume sana," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Lakini ungemwacha yule mama peke yake kule chini, nami ningeona haya." Akaniwekea mkono kichwani, akaenda kutafuta maji.

Nikaenda kukaa na mama kwenye jamvi, tukaanza kukunja vitu vyetu. Paroko alikuwa ameshakifunga kinanda chake kwenye blanketi. Hapo ndipo Mama Leokadia alipokuja, anahema, na nusu ya kwaya yake nyuma. Hakuniangalia mimi. Alikaa chini mbele ya mama yangu, akamsalimu, akauliza habari za shamba, za migomba, za watoto, kama vile hana haraka.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "kire kitu tumekipata. Tumekifungua. Tumekitazama. Hakuna hata mmoja kwetu anayejua pa kukishika." Wenzake nyuma wakaanza kucheka. "Nyumba yangu ina chumba. Chakula kipo. Tunaomba huyu binti aje atufundishe, sisi na watoto wetu. Siyo siku moja. Mpaka tujue."

Mama akaweka chini nguo aliyokuwa akikunja. Kaniha si jirani na Mabawe, na mimi sikuwahi kulala mbali na nyumbani kabla ya safari ile. Akanigeukia. "Mwana wanje, urabishaka?" Aliniuliza kwa Kirundi kama nataka, ili nimjibu bila kuwaonea aibu wageni. Nilitaka. Niliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. "Baba yako nitamweleza mimi," akasema.

Lori la Kaniha liliondoka mchana huohuo, nami nikiwa juu yake na kifurushi kimoja cha nguo. Kinanda walikipanga chumbani mwangu, juu ya meza ya mbao, pembeni kabisa mwa kitanda, maana mahali pengine paliingia mvua na kuku. Usiku ule nililala kama gogo. Asubuhi nilifumbua macho, sijui niko wapi, nikanyoosha mkono kutoka ndani ya blanketi, na kidole kikagusa nota. Kinanda kilikuwa kimewashwa tangu jana, hakuna aliyejua kukizima. Ikalia do, nyumba nzima.

Nikaondoa kidole haraka, nikidhani nimewaamsha. Kutoka chumba cha pili Mama Leokadia akauliza, "Umeamka, mwarimu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Niliketi kitandani, nikajifunga kanga, nikaitikia.